Utando wa Juu

Tone lilikuwa limekwisha kuning'inia kwenye ncha ya pipeti Naelijwa alipoona kwamba chakula cha pacha huyu wa kiooni ni cheupe.

Alikuwa amezoea manjano. Kila siku vikapu vinavyoning'inia kwenye waya huvuka bonde kutoka vijijini, hupita ndani ya ukungu wa Upare bila kelele, na ndani ya kila kikapu mna vichupa vya damu vilivyofunikwa kwa sufi. Damu ikishaganda na kulala usiku kucha kwenye baridi, hubaki maji ya rangi ya majani makavu, na hayo ndiyo chakula. Kila mwanamke humlisha pacha wake kwa damu yake mwenyewe. Lakini juu ya maji ya kichupa hiki palikuwa na utando mzito, kama wa maziwa yaliyochemshwa yakasahauliwa mezani.

Alisoma jina. Penieli Mgonja, fundi cherehani wa ng'ambo ya bonde.

Rafu hii haikuwa yake. Ilikuwa ya Mama Ombeni, aliyekwenda kwenye kipaimara cha mjukuu wake tangu jana na aliyetarajiwa kurudi leo kabla ya mchana. Naelijwa hakuwahi kuilisha kabla ya leo. Kanuni ya kitalu ilikuwa moja tu kuhusu chakula, nayo ni kwamba humiminwa kama kilivyokuja. Kwa hiyo alitikisa kichupa, akamimina. Weupe ukashuka ndani ya kioo polepole, ukamzunguka pacha kama wingu linavyozunguka kilima, na kwa muda hakuonekana.

Alipoinua macho ndipo alipoona kijiko. Kilikuwa kijiko kidogo cha bati, kingo zake zimegongwa zikawa bapa, kimetundikwa kwa uzi kwenye msumari ubavuni mwa rafu. Kilikuwa kisafi sana.

Akasimama pale, mvuke wa joto ukimgusa shingoni, akaanza kuwaza jambo moja moja kwa mpangilio, kama alivyojifunza peke yake kuwaza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha kazi hii darasani.

Kitalu hiki zamani kilikuwa nyumba ya vioo ya miche ya kahawa. Sasa kwenye meza zilezile walikaa mapacha. Mwanamke akifikisha umri, hutolewa punje ya tishu kutoka kwenye titi lake, ndogo kama punje ya ulezi. Nusu hugandishwa na kuhifadhiwa, nusu huoteshwa kwenye kioo, na dawa ya kuharakisha huifanya iishi upesi. Wiki moja ya kioo ni mwaka mmoja wa mwili. Watu wa kitalu husema pacha anaota. Anaota miaka ambayo mwenyewe bado hajaifikia, na wao huchungulia ndoto hiyo asubuhi na jioni kwa hadubini, ili mwenyewe aamshwe mapema kama ni mbaya.

Ndani ya hadubini, mafuta ya titi ni mazuri kuliko chochote ambacho Naelijwa amewahi kuona. Seli zake ni za mviringo, zimejaa mwanga, zimebanana kama mapovu ya sabuni kwenye beseni. Katikati yake hupita mifereji ya maziwa, myembamba, yenye matawi. Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba mafuta ni ghala tu. Ghala lisingekuwa na neno. Mafuta ni kiungo kinachozungumza mchana kutwa, na mifereji ile hukaa katikati yake na kusikiliza.

Mwili ukinenepa sana, seli za mafuta huvimba. Nyingine huvimba mpaka hewa haizifikii vizuri, zikafa. Hapo walinzi wa damu huja kuizunguka iliyokufa, bega kwa bega, duara kamili. Duara hilo huitwa taji. Walinzi wakikaa kwenye taji hawanyamazi. Huita wenzao, na kelele yao huyafanya mafuta ya jirani yatengeneze homoni nyingi zaidi, ile inayoiambia mifereji kua, kua, kua. Msichana ovari zake ndizo hutoa sehemu kubwa ya homoni hiyo. Hedhi ikishakoma, ovari hunyamaza, na mafuta ndiyo hubaki yakisema. Penieli alikuwa ametimiza mwaka tangu ya kwake ikome.

Ili macho yasidanganyike, pacha wote hupandwa mbegu ya kimulimuli. Penye taji, pana cheche ya rangi ya kaharabu. Taji si saratani. Wanawake wengi wana mataji na huzeeka nayo salama. Lakini mataji yakizidi na mifereji ikianza kujaa, kitalu humwita mwenyewe.

Na rafu ya Mama Ombeni haikuwa na cheche. Ilikuwa rafu nzuri kuliko zote, vioo vyake angavu, giza lake limetulia, na wageni walipokuja kupiga picha walisimama hapo. Naelijwa alikuwa akifuta ukungu wa mafuta kwenye vioo vya rafu yake mwenyewe kwa pamba mpaka vidole vinachubuka, na wenzake wakimtania kwamba pacha wake wanatoka jasho kwa kumwogopa yeye.

Alikitazama tena kile kijiko. Kisha akakitungua, akaenda kuketi nacho.

*

Mama Ombeni alifika na bakuli la pilau lililofungwa kwenye kitambaa, akasema kipaimara kilikuwa kizuri ila askofu alihubiri mpaka wali ukapoa. Akacheka. Akamwona Naelijwa amekishika kile kijiko, na kicheko kikapungua chenyewe.

Hakuficha kitu. Kabla ya kuja kitaluni alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha maziwa cha ushirika, na huko jambo la kwanza asubuhi lilikuwa kuengua. Maziwa yenye utando huwahi kuharibika, huchafua mitungi, hushika kila kitu. Alipokabidhiwa rafu na kuona baadhi ya vichupa vina weupe juu, alidhani ni uchafu wa safari, vikapu vimetikisika mno. Akaengua. Vioo vikawa safi, pacha wakaonekana vizuri, wakubwa wakasifu. Akaendelea.

"Nilikuwa nawasafishia," alisema. "Mgeni unampa chakula kisafi, mdogo wangu. Nani anampa mgeni ukoko?"

Naelijwa alimweleza taratibu, bila kupandisha sauti. Ule weupe ulikuwa ndio mafuta ya damu yenyewe, na habari nyingi ambazo mwili hulipelekea titi husafiri zimepanda mgongoni mwake. Mwanamke mnene aliyeleta damu yake, pacha wake alikuwa amelishwa damu ya mtu mwingine, mwembamba, ambaye hayupo. Si ajabu rafu ilikuwa na giza.

Mama Ombeni aliweka bakuli chini. Aliuliza kama kuna aliyekufa. Naelijwa akasema hakuna anayejua lolote bado, hiyo ndiyo shida.

Naelijwa alikirudisha kijiko kwenye msumari, ukungu ukijaa nje ya vioo mpaka nyumba nzima ikawa kama imeokotwa ikawekwa ndani ya pamba. Kisha Mama Ombeni akasema lile ambalo Naelijwa mwenyewe alikuwa amelifikiria tangu asubuhi. Kwenye jokofu kulikuwa na nusu ya kila punje. Waoteshe upya, kimyakimya. Baada ya wiki chache rafu itakuwa ya kweli, na ambaye pacha wake ataonyesha cheche ataitwa, kama kawaida. Hakuna atakayejua kwamba kulikuwa na kijiko.

Si kwamba alijihofia mwenyewe tu. Ilichukua miaka kuwashawishi akina mama wa bonde lile kutoa punje. Walisema wataibiwa, watarogwa, watachekwa. Wanene ndio waliosita kuliko wote, kwa sababu walikwenda hospitali na jino wakaambiwa wapunguze uzito, wakaenda na mguu wakaambiwa wapunguze uzito. Habari hii ikivuka bonde, vikapu vitarudi vitupu.

"Wiki chache," alisema Mama Ombeni. "Wiki chache tu, mdogo wangu, na tumelirekebisha."

Naelijwa alilipima hilo neno. Lilikuwa neno la haki kwa karibu wote. Lakini Penieli Mgonja alikuwa anakuja leo.

Mwezi uliopita kitalu kilimwita kumwambia kwamba pacha wake ameota miaka mingi bila cheche hata moja. Kwa ajili hiyo aliruhusiwa kuikataa dawa ya kuzima homoni. Dawa hiyo hufanya kazi, lakini hukaza viungo. Wengi vidole vyao hukakamaa asubuhi, na Penieli alikuwa anaishi kwa vidole. Leo angekuja kutia sahihi ya kuikataa. Akishatia sahihi, zamu yake ya dawa na ya picha za titi hupewa mwingine, na mlango haufunguliwi tena mpaka mwaka upite.

Naelijwa alijaribu kumwona Mama Ombeni kama mkosaji, akashindwa. Alimwona tu mtu aliyesimama kwenye mwanga wa taa za joto na kanga ya kipaimara, akiwa hajui mikono aiweke wapi.

"Nitamwambia yeye," alisema. "Hao wengine nao nitawaambia. Na ofisini nitaandika."

"Utaandika jina langu?"

"Nitaandika kijiko. Wakiniuliza ni cha nani, nitasema."

Mama Ombeni akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayepokea mzigo kichwani. Halafu akasema pilau inapoa.

*

Penieli aliingia alasiri akiwa amebeba furushi, akihema kwa kupanda mlima, uso umelowa ukungu. Alikuwa mwanamke mpana, anayejaza mlango na kuufurahia. Alimkumbatia Naelijwa mpaka akamwinua kidogo.

"Wewe mtoto unakula kweli? Siku moja nitakutia kwenye tundu la sindano nikidhani ni uzi."

Akafungua furushi. Alikuwa amewashonea watu wa kitalu aproni, za kitambaa cha bluu iliyokoza, kila moja na mfuko wa pipeti. Moja ilikuwa bado haijatiwa kamba. Alisema ataimalizia hapahapa, sindano anayo. Tangu aliporudi kutoka kwenye habari zile njema, alisema, mikono yake imekuwa myepesi.

Naelijwa alimvutia kiti. Alimweleza yote, kuanzia kichupa mpaka kijiko, bila kuruka na bila kupamba. Mama Ombeni alisimama karibu na rafu, akisikiliza kama anayesomewa.

 Penieli alilaza ile aproni isiyo na kamba mapajani, akawa anainyoosha kwa kiganja, akainyoosha tena.

"Dada yangu Elifuraha alikuwa mwembamba kama wewe," alisema mwishoni. "Alikufa kwa ugonjwa wa titi. Mimi nikabaki, na kila nyumba niliyoingia waliniangalia kama anayefuata. Wanatazama kifua, wanatazama sahani. Halafu ninyi mkaniambia mwili wangu umetulia. Mwezi mzima nimelala, Naelijwa. Nimelala kama mtoto mchanga."

Akamgeukia Mama Ombeni. Naelijwa alidhani atamtukana, na hakuona sababu ya kumzuia.

"Huo usingizi ulinipa wewe," alisema Penieli. "Sijui nikushukuru au nikupige."

"Piga," alisema Mama Ombeni.

"Na hii mikono? Nikuvunje halafu nikukute kwenye maombi Jumapili." Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa aproni mpya, ya kwanza kutumika.

Kisha akaomba kuona.

Pacha wake alikuwa amekula ule weupe tangu asubuhi. Kwa hesabu ya kioo, zilikuwa zimepita siku nyingi za mwili. Naelijwa alizima taa, akamwekea hadubini, akamwonyesha pa kuweka jicho. Nje ukungu ulikuwa umefika kwenye vioo, na ndani palikuwa na giza la bluu.

Penieli aliinama. Aliona mapovu yake, mamia yake, yamebanana na kung'aa kwa weupe wa maziwa. Akasema ni kama vitambaa vya harusi vilivyowekwa dukani, vimekunjwa safu kwa safu. Akauliza ile mistari ni nini. Naelijwa akamwambia ni mifereji, ile iliyonyonyesha watoto wake. Penieli akaisogelea kama mtu anayemtambua ndugu kwenye picha ya zamani.

Halafu akasema, "Kuna taa."

Naelijwa alitazama baada yake. Pembezoni, mbali na mifereji, povu moja lilikuwa limefifia, na kulizunguka palikuwa na duara jembamba la kaharabu, linawaka na kupungua, linawaka na kupungua. Taji la kwanza. Asubuhi halikuwepo.

Alimweleza Penieli lilivyo na lisivyo. Si saratani. Ni walinzi wamekuja kwenye msiba wa jirani. Kama watabaki wachache na kutawanyika, sawa. Kama wataongezeka na mifereji ikaanza kuwasikiliza, hapo ndipo kuna neno. Leo hawezi kujua.

"Na yule wa kijiko?" aliuliza Penieli. "Yule aliyekuwa giza miezi yote. Alikuwa uongo?"

Naelijwa alikuwa hajajiuliza hivyo. 

"Sidhani," alisema. "Ni tishu yako ileile. Alikuwa anaota damu nyingine. Tulimuuliza itakuwaje, yeye akatujibu ingekuwaje."

Penieli akakaa wima. Hata gizani Naelijwa aliona mabega yake yakibadilika, kama anapokabiliwa na kitambaa kigumu mezani.

"Basi nipe wote wawili."

Alitaka pacha akatwe. Nusu alishwe damu yake kama inavyokuja, na weupe wake wote. Nusu aendelee kuenguliwa. Alitaka awaone bega kwa bega, yeye alivyo na yeye angekuwa, na akiwa amewaona wote ndipo aamue kuhusu dawa, na vidole, na sahani. Sahihi ataiacha. Hakuahidi kupungua, alisema, wala asiambiwe. Amewahi kupungua mara kadhaa maishani mwake, na kila mara ni yeye aliyejua ilivyogharimu.

Naelijwa alisema hakuna aliyemwambia.

"Ninyi hamjasema. Nimeliwahi."

Waliwasha taa ndogo. Naelijwa alichukua wembe wa kukatia, akasogea kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake ya kazi wembe ulisita juu yake, kwa sababu mwenyewe alikuwa anatazama. Penieli akaliona hilo. Akasogea nyuma yake, akaweka kiganja chake kizito, chenye joto, juu ya mkono wa Naelijwa.

"Usiogope kitambaa, kinajua," alisema. "Tafuta kinakoelekea uzi wake. Hapo, kati ya hiyo mistari miwili. Sasa shuka moja kwa moja, usisimame katikati."

Wembe ukashuka. Pacha akawa wawili.

Mama Ombeni alileta vioo viwili vipya bila kuambiwa. Penieli alichukua kimoja kati ya vichupa vyake viwili vilivyobaki, chenye weupe, akakimimina mwenyewe juu ya nusu ya kwanza, polepole, mpaka tone la mwisho. Kwa nusu ya pili alinyoosha kidole kuelekea kwenye msumari.

"Wewe engua," alimwambia Mama Ombeni. "Sasa hivi engua kwelikweli, na mimi nikiona."

Mama Ombeni alikishusha kijiko. Aliinama juu ya kichupa cha pili kama alivyokuwa akiinama juu ya mitungi ya ushirika, akapitisha bati chini ya utando, akauinua mzima bila kuuvunja. Ulikuwa mkono mzuri sana. Naelijwa alimpokea kichupa, akamimina yaliyobaki, akaandika kwenye lebo ya kioo, kwa wino unaoonekana na yeyote atakayekuja: *bila utando*. Kwenye kile cha kwanza aliandika: *kama ulivyo*.

Ilipofika magharibi alikuwa amewapigia simu wanawake wachache wa rafu ile. Mmoja alikata. Mmoja aliuliza kama anaweza naye kuja kutazama. Wengine hawakupatikana, wamebaki wa kesho. Barua ya ofisini ilikuwa imekwenda, na kesho huenda akaja mtu na kufuli, au huenda akaja na maswali tu. Punje zilizogandishwa zilikuwa zimetolewa jokofuni na kulazwa kwenye joto dogo, bado hazijaamka.

Waya zilisimama kwa sababu ya ukungu. Penieli angelala kwa Mama Ombeni, na wawili hao walikuwa wakibishana mlangoni kuhusu nani atabeba bakuli la pilau. Aproni ya mwisho ilikuwa mezani, sindano imechomekwa mfukoni, kamba moja imeshonwa, nyingine bado.

"Usiiguse," alisema Penieli kutoka nje. "Nitakuja nayo asubuhi."

Naelijwa alizima taa moja moja. Kwenye giza la bluu akainamia hadubini, na katika kioo cha kwanza duara dogo la kaharabu lilikuwa bado linawaka na kupungua. Alitazama kama kuna la pili. Alidhani ameliona, pembezoni kabisa, kisha akadhani ni jicho lake limechoka. Akavuta pazia la sufu juu ya vioo vyote viwili, pacha wa kweli na wa pengine, akawaacha waote.

Kesho atachungulia tena, jicho likiwa limepumzika.